Givenchy na Audrey Hepburn: kwa nini zile nguo zilimkaa yeye tu, na gauni la aina ile linashonwaje?

UziMweusi

Wakuu, habari za jioni. Kuna mteja mwigizaji anataka gauni jeusi refu la kuvaa kwenye filamu fupi, na picha anazoleta ni zilezile: Audrey Hepburn ndani ya nguo za Hubert de Givenchy. Ana urefu wa sentimita 170, mwembamba, mifupa ya chini ya shingo imechomoza, kiuno 62, nyonga 90. Naomba wanaojua wanisaidie kwa haya:

Kwanza, ule uhusiano wa Givenchy na Hepburn kikazi ulikwendaje? Nani alikuwa anaamua nguo, mbunifu au mwigizaji? Pili, kiufundi ni kitu gani kilichomo kwenye nguo zile ambacho hakionekani kwenye picha? Nakala nyingi zinashonwa mjini na zote zinaonekana kama gunia lililofungwa kiunoni. Tatu, kitambaa kiasi gani, na cha aina gani kitakachovumilia taa za kamera?

---

KabatiLaKale

Nianze na la kwanza, maana bila hilo la pili halieleweki.

Walikutana Paris majira ya joto ya 1953. Hepburn alikuwa anajiandaa kuigiza filamu ya Sabrina ya mwongozaji Billy Wilder, na kwenye hadithi yule binti anakwenda Paris akiwa mtoto wa dereva na kurudi akiwa mtu mwingine kabisa. Kwa hiyo zilihitajika nguo za Paris zenyewe. Givenchy alikuwa na miaka 26, na nyumba yake ya mitindo ilikuwa na mwaka mmoja na kitu tu tangu ifunguliwe Februari 1952. Alipoambiwa "Miss Hepburn anakuja" alidhani ni Katharine Hepburn, mwigizaji mwingine maarufu. Akaingia msichana mwembamba kavaa suruali ya kubana na viatu bapa, ambaye filamu yake ya Roman Holiday ilikuwa haijafika Ufaransa.

Givenchy akamwambia ukweli: yuko katikati ya kuandaa toleo jipya la nguo, hana muda wala mafundi wa kumshonea. Hepburn akaomba aachwe achague kwenye nguo zilizokwisha kutengenezwa. Hapa ndipo jibu lako lilipo. Alichagua mwenyewe: suti ya sufu ya kijivu, gauni jeupe la ogandi (kitambaa chepesi kigumu) lisilo na mabega lenye maua meusi ya kudariziwa, na gauni jeusi la jioni lenye shingo ya mlalo kutoka bega hadi bega, limefungwa vifundo vidogo juu ya mabega. Shingo ile mpaka leo Wafaransa wanaiita décolleté Sabrina.

Kwa hiyo tusiseme mbunifu alimtengeneza mwigizaji. Hepburn alikuwa amesomea dansi ya baleti, anaujua mwili wake ulivyo kama fundi anavyoujua mkasi wake. Alijua mabega yake ni mapana ukilinganisha na kiuno chake, shingo ni ndefu, na mashimo ya juu ya mifupa ya chini ya shingo yanaonekana. Akachagua kilichofunika mashimo na kuacha shingo ipande. Baada ya pale Givenchy ndiye aliyejifunza kutoka kwake: punguza urembo, acha mstari mmoja ufanye kazi. Wakaendelea hivyo kwenye Funny Face na Love in the Afternoon za 1957, Breakfast at Tiffany's ya 1961, Charade ya 1963, How to Steal a Million ya 1966. Hata gauni fupi la waridi aliloolewa nalo mara ya pili, Januari 1969, ni la Givenchy.

Ila jambo ambalo watu hulisahau: si kila filamu. My Fair Lady ya 1964 nguo ni za Cecil Beaton, kwa sababu ni hadithi ya zama za nyuma. Two for the Road ya 1967 alivaa nguo za dukani na za wabunifu wengine, Paco Rabanne akiwemo. Givenchy alikuwa wa filamu za kisasa, pale mhusika anapotakiwa kuvaa kama mwanamke wa mwaka uleule. Nje ya hapo hata urafiki haukumlazimisha.

---

Mjuba_wa_Sinema

Si Givenchy huyo ndiye aliyechukua Oscar ya mavazi ya Sabrina? Na ndiye aliyeanzisha gauni fupi jeusi.

---

KabatiLaKale

Hapana kwa yote mawili, mkuu.

Oscar ya Sabrina, iliyotolewa 1955, aliichukua Edith Head, mkuu wa mavazi wa studio ya Paramount. Jina la Givenchy halikuwekwa hata kwenye orodha ya majina ya filamu. Head alitengeneza nguo za mhusika Sabrina kabla hajaenda Paris, lakini zile zinazokumbukwa zilitoka Paris. Kuhusu gauni jeusi, Head aliendelea kudai kuwa ni kazi ya karakana yake, na ubishi huo umewasumbua wanahistoria wa mavazi kwa miaka mingi. Mimi nasimama na Paris: shingo na mabega yale ni mkono wa Givenchy. Kwenye Funny Face jina lake likaandikwa, na akateuliwa pamoja na Head, lakini tuzo ikaenda kwa Orry-Kelly kwa Les Girls.

Gauni fupi jeusi lilishakuwepo. La mbunifu Coco Chanel lilichorwa kwenye jarida la Vogue la Marekani mwaka 1926, wakalifananisha na gari la Ford. Na lile la mwanzo wa Breakfast at Tiffany's si fupi hata kidogo, linagusa ardhi. Watu wanachanganya kwa sababu kwenye filamu hiyohiyo kuna jingine jeusi fupi.

---

FundiBitana

UziMweusi, sasa tuje mezani kwenye mkasi.

Gauni la Tiffany's ni satini nyeusi, halina mikono, kiwiliwili kimebana, sketi ina marinda machache kiunoni, limepasuliwa upande mmoja hadi pajani, na mgongoni lina mkato wa pekee unaoacha ngozi wazi. Nguo moja ya namna hiyo ilipouzwa kwenye nyumba ya mnada ya Christie's, London, maelezo ya mnada yalisema nembo ya Givenchy imeshonwa ndani, kwenye mkanda wa kiuno. Hapo ndipo nakala za mjini zinapofeli, maana hazina mkanda huo.

Mkanda wa ndani ni utepe mgumu usiovutika, upana sentimita 2.5. Ukate kwa kipimo cha kiuno kamili, toa sentimita 1, ongeza 4 za kukunja ncha. Ushikize kwa mkono kwenye mishono tu (ya pembeni na kwenye dati, yale mapinda ya kubana umbo), usiupige cherehani kuzunguka. Acha sentimita 5 kila upande wa zipu zikiwa huru, weka kulabu mbili. Mvaaji anafunga kulabu kwanza, halafu ndipo zipu. Ukishafunga, uzito wote wa sketi unakaa kiunoni na hauvuti mabega. Bila mkanda, satini ya mita mbili inaning'inia kwenye mabega, shingo inashuka, kiuno kinateremka, mgongo unajikunja. Hilo ndilo gunia lako.

Shingo ya mlalo. Kosa la kwanza ni kuipanua bila kuipandisha. Kama unaipanua hadi bega libaki sentimita 4 au 5, basi mbele lazima ibaki juu: sentimita 1 tu chini ya shimo la koo, si zaidi. Nyuma ndiyo unaweza kushusha. Ukishusha mbele na nyuma kwa pamoja, hakuna kinachoshika, nguo itateleza bega moja kila akinyanyua mkono. Kwa mteja mwenye mifupa iliyochomoza, ukingo upite juu ya mfupa wenyewe au uufunike kabisa. Ukipita chini kidogo ya mfupa, kila kivuli cha taa kitaingia kwenye lile shimo na ataonekana mgonjwa.

Kosa la pili ni ukingo kuachama mbele. Shingo pana inapita juu ya sehemu iliyopinda kuelekea kifuani, kwa hiyo karatasi inakudanganya. Kwenye pateni (karatasi ya kukatia), kunja kati ya milimita 5 na sentimita 1 kutoka ukingo wa shingo kuelekea ncha ya kifua, na ile ziada iingize kwenye dati ya pembeni. Kisha ukingo wenyewe uwekee utepe mwembamba wa pamba, mfupi kuliko mshono kwa sentimita 1 kwa mbele nzima, ukiugawa sawasawa. Fesingi (kipande cha kumalizia ukingo kwa ndani) upana wa sentimita 6 hadi 7, kata vimkato kila sentimita 1.5 kwenye mviringo, lalisha akiba ya mshono upande wa fesingi na piga mshono milimita 2 kutoka ukingoni ili fesingi isichungulie nje.

Usianze na satini. Anza na merikani, ile pamba ghafi isiyotiwa dawa. Piga bandi, mvalishe mteja, chora kwa penseli juu yake. Givenchy mwenyewe toleo lake la kwanza la 1952 alilitengenezea kwa sehemu kubwa kutokana na pamba rahisi ya namna hiyo, kwa sababu mtaji ulikuwa mdogo, na blauzi ya Bettina, iliyopewa jina la mwanamitindo Bettina Graziani, ikamtoa. Kwa hiyo merikani isikutie aibu.

Vipimo visivyopimwa na wengi, na kwa mteja huyu ndivyo vinavyoamua: upana wa mgongo kutoka kwapa hadi kwapa, umbali kati ya ncha za kifua, shingo ya nyuma hadi kiuno, bega hadi kiuno kwa mbele kupitia ncha ya kifua, na mteremko wa bega. Bega la mteja likiwa na mteremko mdogo kuliko wa pateni, nguo haikai. Ndiyo maana unaona mkunjo wa kulala kati ya shingo na bega.

---

UziMweusi

Asante sana FundiBitana, Mungu akubariki. Nimeelewa mkanda. Nimebaki na haya: kitambaa kiasi gani, mpasuo upande hadi wapi, na zipu niiweke wapi ikiwa mgongo umekatwa wazi? Na mteja anasema Givenchy alikuwa na sanamu ya mwili wa Hepburn karakanani. Ni kweli au hadithi za mtandaoni?

---

BiSindano

Sanamu ni kweli, na wala si ajabu, nyumba za Paris zilikuwa na dami (sanamu ya kushonea) za wateja wakubwa. Unaweza kuitengeneza. Tafuta dami iliyo ndogo kuliko mteja kwa sentimita 4 hadi 6, kamwe isiwe kubwa. Shona kiwiliwili cha merikani kilichomkaa mteja vizuri, kivalishe dami, kisha jaza pamba ya mito kati yake pale panapolegea: kidogo mgongoni, zaidi kifuani na nyongani. Jaza kwa tabaka nyembamba, si bonge moja, maana bonge litaonekana kama uvimbe. Andika tarehe kwenye shingo ya dami. Mwigizaji akipungua kilo 3 kwa ajili ya filamu nyingine, dami yako inakuwa ya mtu mwingine.

Kitambaa. Kwa mteja wa 170, bega hadi sakafuni ni kama sentimita 143 hadi 145. Ongeza kisigino 6 na pindo 4, umefika 155. Sketi ukiipa marinda ya sentimita 20, mzunguko wa nyongani ni 90 na ulegevu 6, marinda 20 na akiba za mishono 8, jumla 124. Kwa hiyo satini ya upana wa 150 mbele na nyuma vinakaa sambamba, mita 2 zinatosha na fesingi unazitoa pembeni. Ya upana wa 115 haikubali, utahitaji marefu mawili, mita 3.4. Bitana kiasi hichohicho, lakini punguza marinda. Vipande vyote vielekee upande mmoja. Satini ukigeuza kipande kimoja kichwa chini, mbele ya taa kitaonekana rangi nyingine, na hapo hakuna pasi itakayokuokoa.

Sindano namba 60 au 70, mpya. Mshono milimita 2 hadi 2.5, legeza uzi wa juu kidogo ukiona mshono unajikunja. Pini ziingie ndani ya akiba tu, tundu la pini kwenye satini halifi. Pasi ya moto mdogo, upande wa ndani, na kipande cha karatasi chini ya akiba za mishono ili zisichapike nje. Kama ni hariri, usiirushie maji, doa la tone litabaki.

Mpasuo. Mzunguko wa pindo chini ya sentimita 110 bila mpasuo unamfanya mvaaji atembee kama amefungwa kamba. Kwa filamu pasua upande wa kushoto hadi sentimita 55 kutoka chini, halafu jaribu ngazi, kukaa kwenye kiti na kushuka kwenye gari kabla hujapinda. Juu ya mpasuo shona kipande kidogo cha utepe kwa ndani, hapo ndipo nguo huchanika.

Pindo pime akiwa amevaa viatu vyenyewe vya filamu. Si vya kufanana navyo, vyenyewe.

---

KabatiLaKale

Niongeze kitu kuhusu mgongo, kwa sababu wengi wanaunakili bila kujua kwa nini upo. Filamu ya Tiffany's inafunguka alfajiri, teksi inasimama Fifth Avenue, anashuka, na kamera inamwona kwa nyuma akiangalia juu kwenye jina la duka, kisha kwenye dirisha. Mtazamaji anaonana na mgongo kabla ya uso. Ule mkato na mkufu wa lulu wa safu kadhaa ndivyo vinavyobeba tukio lile, mbele ya nguo ni kimya kabisa. Kwa hiyo kabla ya kukata, muulize mwongozaji kamera itasimama wapi. Kama filamu yenu inampiga kwa mbele muda wote, mkato wa mgongoni ni gharama ya bure, na bora nguvu ziende kwenye shingo.

---

MamaPindo

Naona hamjagusa mambo mawili yanayoleta ugomvi.

La kwanza ni nakala. Nguo ya filamu haishonwi moja. Mteja akimwagikiwa na soda tukio la tatu na bado mna matukio sita, mmekwama. Shona mbili angalau, moja ya kusimama na nyingine iliyolegezwa kidogo ya kutembea na kukimbia. Kitambaa kinunuliwe chote siku moja, roli moja. Ukirudi dukani wiki ya pili, "nyeusi ileile" huwa si ileile: moja inaelekea kahawia, nyingine kibluu, na kamera inaona hata kama jicho lako halioni. Kata kipande cha satini, kipande cha utepe na uzi, viweke chini ya taa mtakazotumia, piga picha. Vikitofautiana kwenye picha, badilisha sasa. Na kama kuna maikrofoni ya kubandika nguoni, sugua kitambaa mbele yake kwanza. Tafeta inapiga kelele kama mfuko wa nailoni, fundi sauti atakuchukia.

La pili ni karatasi. Mmesoma yaliyompata Givenchy kwenye Sabrina. Mkubaliane kabla ya kukata: jina lako litaandikwaje kwenye filamu, ni nani anabaki na nguo baada ya kupiga picha, na nani ana haki ya kutumia picha za mwigizaji akiwa ndani ya nguo hiyo kwa matangazo ya duka lako. Umiliki wa nguo si jambo dogo. Ile ya Christie's, tarehe 5 Desemba 2006, iliuzwa pauni 467,200. Givenchy alikuwa ameitoa kwa mwandishi Dominique Lapierre kwa ajili ya kazi yake ya kusaidia maskini India. Angekuwa ameiachia studio, asingekuwa na cha kutoa.

Na matangazo: manukato ya L'Interdit yalitengenezwa kwa ajili ya Hepburn, yakaingia sokoni 1957, sura yake ikayatangaza bila malipo. Kwao wawili ilipita, walikuwa marafiki wa kweli. Desemba 1992 akiwa mgonjwa ni Givenchy aliyemtafutia ndege binafsi ya Bunny Mellon, tajiri wa Kimarekani, ya kumrudisha Uswisi kutoka Los Angeles. Lakini wewe na mteja wako hamjafika huko. Andikeni.

---

Mjuba_wa_Sinema

Haya nimekubali kwenye Oscar. Lakini MamaPindo, mteja akiombwa asaini karatasi si ataona anashukiwa?

---

MamaPindo

Ukurasa mmoja, Kiswahili cha kawaida, bei, idadi ya nakala, jina kwenye filamu, nguo inabaki kwa nani, picha zitumike wapi na kwa muda gani. Mpe pamoja na risiti ya malipo ya awali. Mtu anayelipa nusu ya pesa huwa hashangai kupewa karatasi.

---

FundiBitana

Zipu ndiyo haijajibiwa. Iweke upande wa kushoto, isiyoonekana, ianzie sentimita 3 chini ya kwapa hadi 18 chini ya kiuno, kwa hiyo nunua ya sentimita 40 uikate. Kwa kuwa mpasuo nao uko kushoto, hakikisha kuna angalau sentimita 25 za mshono mzima kati ya mwisho wa zipu na mwanzo wa mpasuo. BiSindano ameweka mpasuo 55 kutoka chini, kwa hiyo nafasi ipo. Bandika ukanda wa kitambaa cha kugandisha kwa pasi, upana sentimita 2, kwenye mshono kabla ya kuiweka, la sivyo satini itajikunja mawimbi ubavuni na kwenye picha itaonekana kama mbavu. Na juu ya zipu, pale chini ya kwapa, weka kulabu moja ndogo. Zipu ya pembeni huanza kushuka mvaaji akiinua mkono.

---

UziMweusi

Nimepata. Kesho nanunua merikani mita 4.